Mwaka wa Soketi Isiyo na Mdomo

Jumamosi tulimzika Gathogo, na mpaka leo sijatulia. Si kifo kilichonishtua. Kifo tulikiona kikija, alikuwa amekonda tangu Pasaka. Kilichonishtua ni maisha yake yalivyosomwa pale kanisani Mountain View. Mpwa wake alisimama na karatasi, akasoma shule alizosoma, ofisi alizofanya kazi, kamati ya ujenzi wa kanisa, kuku aliofuga alipostaafu. Alisoma vizuri, sitaki kumlaumu, alisoma alichopewa. Lakini alipofika mwisho na kukunja karatasi nilihisi kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta kuna daraja moja limepungua. Hakuna mtu aliyetaja kwamba yule mwanaume aliwahi kusuka nywele za wanawake Desemba nzima, mbele ya watu, Kenyatta Market. Nikageuka kumtafuta Mama Shiru, aliyekuwa naye Desemba ile. Alikuwa benchi la nyuma na kitambaa chake cheusi, naye alikuwa ananitazama. Akainua nyusi zote mbili, basi. Nikajua tumesikia kimya kimoja.

Naandika haya jioni kama ninavyoandika mambo yangu mengine, na sijui kama nitayapanga sawa. Shule niliacha kidato cha pili. Mambo ya kazi niliyoifanya kwa Gathogo niliyaelewa kwa kuambiwa na kuonyeshwa, kwa hiyo kama kuna mahali nimekosea, kosa ni langu, si la Gathogo.

Ofisi ilikuwa orofa ya juu kabisa ya jengo moja lililo nyuma ya River Road. Chini yetu walikuwa wanauza spika, na mchana kutwa walizijaribu kwa wimbo mmoja tu, wakaukata mahali pale pale, wakauanza upya. Meza ya Gathogo ilitingishika kila besi ikipigwa. Chumba kilikuwa na kompyuta mbili, jiko la stima la kuchemshia chai, na meza ndefu ya mbao ambako nilikaa mimi na miguu yangu. Nasema miguu yangu kwa sababu tuliiita hivyo. Ilikuwa miguu ya plasta. Mtu aliyekatwa mguu alifungwa plasta hospitalini pale palipobaki, plasta ikikauka ikatolewa, ndani yake wakamwaga nyingine, ukapata nakala yake nyeupe. Nakala hizo zililetwa kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuizungusha nakala polepole juu ya kisahani, kuigusa na sindano ya kupimia, na kuingiza kwenye kompyuta nambari za kila mahali sindano ilipogusa. Nilikuwa na mkono mtulivu, na hiyo ndiyo sababu pekee niliyoajiriwa. Kutokana na nambari hizo programu ya Gathogo ilijenga soketi, yaani kile kikombe kigumu ambamo mtu huingiza mguu uliobaki, na chini yake ndipo hufungwa chuma na wayo wa bandia. Hakuna aliyeichora kwa mkono. Programu iliijenga yenyewe, ikaiandika kwenye faili, faili ikatumwa kiwanda kimoja ng'ambo, wao wakaichonga kutoka kwa bonge la plastiki ngumu.

Wiki yangu ya kwanza nilimwuliza kwa nini faili kubwa hivyo haina neno lolote kuhusu plastiki yenyewe. Alikuwa anakula chapati na maharagwe, akaiweka chini. "Rispa, unaishi Kabiria, sivyo? Landilodi wako akiuza ile ploti, karatasi itaandikwa nini? Mchanga?" Nikasema hapana, itaandikwa bikoni, yale mawe ya kona, na mipaka. "Basi. Sisi pia hatuandiki mchanga. Tunaandika bikoni, ua linalotoka bikoni moja hadi nyingine, na ngozi iliyotandazwa katikati. Ukimaliza kuzungushia mipaka bila kuacha pengo, kitu kizima kiko hapo. Ukiacha pengo dogo la unywele, huna kitu. Una makaratasi." Lakini mpaka peke yake hautoshi, akasema, kwa sababu ukuta una pande mbili. Lazima kila uso, yaani kila kipande cha ngozi hiyo, useme upande upi kuna nyama, maana yake plastiki, na upande upi kuna hewa. Akaninyanyua, akaniambia nizunguke meza nikiburuta mkono wa kushoto juu yake. "Kitu kikae kushoto. Kila uso unazungukwa hivyo, kitu kushoto, mpaka urudi ulipoanzia. Na jirani yako anayeshiriki ukuta nawe naye anazunguka ploti yake vile vile. Sasa pale kwa ukuta wenu mtapishana, wewe ukienda yeye anarudi. Mkipita mkielekea njia moja, mmoja wenu amesimama upande mbaya." Nikaizunguka ile meza kama mjinga, spika zikipigwa chini, naye akinitazama kwa uso mzito wa mtu anayefundisha kuendesha gari. Nilikuwa na miaka ishirini. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu kwa kudhani nitakielewa.

Mama Shiru alikuja kwetu mwenyewe, jambo ambalo wagonjwa hawakufanya. Alipanda ngazi zote na magongo, akaingia akihema, akauliza, "Ni nyinyi mnapika miguu?" Alikuwa msusi Kenyatta Market. Mguu alikatwa chini ya goti baada ya ajali, na soketi ya kwanza aliyopewa mahali pengine ilimla ngozi hadi akaitupa. Mwenye kibanda alichosukia, Mama Tosh, alikuwa amemwekea kiti chake miezi yote hiyo. Sitaki Mama Tosh aonekane mbaya hapa, maana wengine hawangengoja hata wiki. Lakini alikuwa amemwambia wazi: shule zikifungwa, wanawake wakianza kujitayarisha kwenda mashambani kwa Krismasi, kiti lazima kifanye kazi, na kama Mama Shiru hawezi kusimama atakipa mtu mwingine. Mtu asiyejua Kenyatta Market atauliza kwa nini asisuke ameketi. Kule kichwa kimoja hushikwa na wasusi watatu au wanne kwa pamoja, na wanakizunguka. Ukikaa unafikia upande mmoja tu, na kukatisha mistari ya kichwa kizima hutaweza. "Mimi si maskini wa mikono," Mama Shiru alituambia. "Ni kusimama tu. Nipatieni kusimama."

Nilipima plasta yake kwa makini kuliko zote. Gathogo akajenga soketi, akaigeuza kwenye skrini mbele yangu juu chini, ikang'aa, nzuri, mdomo wake wazi kama wa kikombe. Tukaituma. Oktoba ilipokuwa inaisha boksi likaja, na Gathogo, kwa furaha, akampigia Mama Shiru simu aje alifungue pamoja nasi.

Naikumbuka siku ile kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimenunua mandazi. Mama Shiru alikuwa amevaa sketi ndefu ya buluu na kiatu kimoja kipya, kingine akiwa nacho kwa mfuko. Gathogo alizungukazunguka lile boksi akitafuta mahali pa kuanzia. "Fungua basi, Injinia," Mama Shiru akasema. "Kwani umeletewa mayai?" Akakata utepe kwa ufunguo wa mlango, akatoa karatasi za kujazia, akaingiza mikono. Nikaona mabega yake yakishuka. Kitu kilikuwa kizito, kizito mno. Akakitoa, rangi ya maziwa, umbo lile lile nililopima mimi, kila bonde na kila mwinuko. Akakigeuza ili tuone mdomo. Hapakuwa na mdomo. Pale ambapo mguu ungeingia palikuwa na bapa, limefunikwa, limesuguliwa likang'aa kama kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia.

Chini walianza wimbo wao, wakaukata, wakauanza. Gathogo akakigeuza upande wa chini, kama vile mdomo ungekuwa umehamia huko. Akakirudisha. Nilikuwa nimeshika sahani ya mandazi na sikuweza kuiweka chini, sijui kwa nini, mikono ilikataa. Mwishowe Mama Shiru ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini sana: "Injinia. Sasa mguu unaingilia wapi?"

"Sijui," Gathogo akasema. "Sijui, mama. Mimi nilituma kikombe."

Akakipokea, akakiweka mapajani, akapitisha kiganja juu ya lile bapa. "Lakini wameng'arisha," akasema. "Aki wameng'arisha vizuri." Halafu akacheka, kicheko kimoja kifupi kilichonitisha zaidi ya machozi. Alipoondoka alikitia kwenye mfuko mmoja na kiatu. Gathogo akamwomba akiache tukichunguze, naye akakataa. "Si kimetoka kwa mguu yangu? Basi ni yangu."

Gathogo aliwaandikia wale wa kiwanda barua pepe ya hasira. Mimi pia niliwachukia, na ilikuwa dhambi, maana jibu lao lilikuwa fupi na la adabu. Walisema faili yetu ilijipinga yenyewe. Nyuso za nje zilisema nyama iko upande huu, na nyuso za ndani zilisema maneno yasiyoweza kuwa kweli pamoja na hayo. Programu yao ikipata nyuso zinazobishana hutupa zile zilizo chache na kuziba pengo linalobaki. Hivyo ngozi yote ya ndani ilitupwa, mdomo ukabaki wazi bila kitu nyuma yake, ukazibwa. Mashine ilitusaidia bila kutuuliza. Kwetu kwenye skrini hatungeona, kwa sababu programu yetu ya kuonyesha ilichora kila uso pande zote mbili, uwe umegeuka au haujageuka.

Aliketi mbele ya nambari zile akakataa hata kula. Siku moja saa nne nikampelekea chai, akainua kikombe, akakisimamisha njiani. Akakitazama kwa muda mrefu hadi nikaanza kuogopa.

"Rispa. Hii chai iko wapi?"

"Si iko ndani ya kikombe."

"Ndani ya udongo wenyewe? Imeingia katikati ya udongo?"

"Hapana. Kikombe kingekuwa kimepasuka."

"Basi haiko ndani." Macho yake yalikuwa yamepanuka. "Chai iko nje. Mahali pale pa kuwekea chai ni nje. Na mguu ukiingia, umeingia nje!"

Nilidhani akili zimemruka. Nikarudi nyuma hadi mlangoni. Lakini alieleza, na nilipoelewa nilijilaumu, kwa sababu ilikuwa rahisi na hatukuiona. Programu yake ilikuwa na njia moja ya kutandaza ngozi: nje ni kule mbali na katikati. Kwa ngozi ya nje ya soketi ni kweli. Lakini ngozi ya ndani, ile inayogusa mguu, hewa yake iko katikati. Yeye aliitandaza kwa njia ile ile, ikageuka kisogo. Alikagua nyuso za nje, zikakubaliana. Akakagua za ndani, zikakubaliana. Pale mdomoni, zinapokutana, ndipo majirani walipita ukuta mmoja wakielekea njia moja, na hapo hakuwa amekagua. Yule yule aliyenizungusha meza. Alirekebisha mambo kabla chai haijapoa, akaandika pia ukaguzi wa kila ukingo bila kuruka hata mmoja. Kisha akauliza kiwanda soketi mpya itafika lini. Wakasema wana foleni, Januari.

Akafunga kompyuta. Akasema ofisi itafunga mapema mwaka huo, niende nyumbani, mshahara wangu utakuja. Ulikuja. Nilifikiri ameshindwa na aibu, na kwa kweli nilimdharau kidogo.

Desemba ilipochanganya nilienda Kenyatta Market. Nilitaka kumwona Mama Shiru, na niliogopa kumwona. Nilipita kwenye moshi wa nyama na kelele za wale wa kuita wateja, "Siste, kuja tukutengeneze," nikapinda kwenye kichochoro cha saluni, nikakuta foleni ya wanawake mbele ya kibanda cha Mama Tosh. Nikajipenyeza. "Wee, foleni inaanzia huko nyuma," mmoja akanivuta nguo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Mama Shiru alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, mguu wake umening'inia, vidole vyake vikikimbia kwenye nywele za mteja. Upande wa pili wa kichwa kile kile, amefunga aproni ya waridi, kitana cha mkia mkononi, miwani imemshukia puani, alisimama Gathogo.

"Karibu, Rispa," akasema bila kuinua macho. "Usinisemeshe, niko kwa kona."

Nilishika mlango. Mteja akaniambia, "Hata mimi nilishtuka hivyo hivyo, dada. Lakini ngoja uone mistari."

Alikuwa anakata mistari na kushika mizizi, Mama Shiru anamalizia hadi nchani. Gathogo ndiye aliyezunguka. Alikuwa amekwenda kwa Mama Shiru siku ile ile aliyoambiwa Januari, akamwuliza kinachohitajika ni nini hasa, naye akamjibu kwa hasira kwamba kinachohitajika ni mtu wa kusimama. Akasimama.

"Asikudanganye ati anajua," Mama Shiru akasema. "Wiki ya kwanza alishika kichwa ya mwalimu fulani, mama wa watu akatoka akikaa kama ramani ya Nairobi."

"Hilo kosa nilirekebisha."

"Ulirekebisha baada ya kutukanwa!"

"Kichwa ni nyuso tu, mama. Kila mstari una majirani wawili."

"Haya, Injinia, kata majirani, watu wanangoja."

Wanawake wakacheka, naye akacheka, na mimi nikashindwa kujizuia. Nikiwa pale akapita mzee mmoja wa kanisa lao, mtu wa heshima, ametoka kununua nyama, imefungwa kwenye karatasi mkononi. Akasimama. Mafuta yakaanza kupenya karatasi. "Gathogo?"

"Naam, mzee."

"Ni nini hii?"

Gathogo akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Ni mwisho wa mwaka, mzee," akasema, akarudi kwenye mstari wake.

Yule mzee akaenda bila kuaga. Sijui alisema nini Mountain View, na sitamsingizia. Najua tu kwamba miaka mingi jambo lile halikutajwa nyumbani kwa Gathogo, na Jumamosi halikutajwa pia. Labda waliona wanamlinda. Labda yeye mwenyewe ndiye aliyewaomba. Lakini kiti hakikuenda kwa mtu mwingine. Januari soketi ikaja, na safari hii Gathogo hakutaka kufungua, nilifungua mimi. Ilikuwa nyepesi kama bakuli. Nikaingiza mkono mzima kwenye mdomo wake, nikauacha humo. Mama Shiru akavaa soksi yake, akaingiza mguu, akasimama pale ofisini kando ya meza yangu. Akahamisha uzito huku na huku. "Hainiumi," akasema, kama mtu anayelalamika. Ofisi ilifungwa baadaye mwaka huo, kazi zikapungua, tukatawanyika.

Baada ya mazishi Mama Shiru alinishika mkono, tukaenda kwake. Kibanda ni chake sasa. Kwenye kaunta kuna wigi refu la kahawia, na nilipolisogeza nipate pa kuweka mkoba nikaona linakaa juu ya nini. Rangi ya maziwa imekuwa ya chai, lakini kila bonde nililijua kabla ya kuligusa. Lile bapa la juu limebeba mawigi miaka yote hii.

"Hakuna stendi imara kama hiyo," akasema. "Haiangukangi. Keti, nikuguse hiyo kichwa, umekaa kama uliyefiwa."

"Si nimefiwa."

"Wote tumefiwa. Keti."

Sikuwa nimewahi kusukwa naye hata siku moja. Niliketi. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kichwa changu, wa kulia ukashika kitana, akaanza mstari juu ya paji la uso. Kisha akaanza kunizunguka, polepole, ule mguu ukigonga sakafu kidogo kila hatua, mkono wa kushoto haujanyanyuka, mimi niko kushoto kwake, nyuma ya sikio, kisogoni, sikio la pili, hadi ncha ya kitana ikarudi juu ya paji la uso, pale pale ilipoanzia. Nikashtuka hadi nikashika mikono ya kiti. Nilikuwa na miaka ishirini tena, nazunguka meza.

Nikamwuliza nani alimfundisha kuzunguka hivyo.

"Kuzunguka vipi?" akasema, akainamisha kichwa changu mbele, akaanza mstari wa pili.